Mtu anachoraje ramani ya jiolojia ya Mirihi bila kukanyaga miamba yake?

Mwalimu wa Jiografia, Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari hapa Moshi, na ninalea klabu ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ambao wameipenda sayari ya Mirihi kwa dhati. Wameshasoma miamba ya moto, miamba tabaka na miamba geu, wanajua kusoma mistari ya kontua, na wameniomba tuchore pamoja ramani ya jiolojia ya sehemu ndogo ya sayari hiyo iwe kazi ya klabu kwa mwaka mzima. Wao wanautaka Olympus Mons, kwa sababu ni volkano kama huu mlima wetu wa Kilimanjaro tunaouona mawingu yanapofunguka asubuhi, isipokuwa ule una kimo cha kilomita zipatazo 22 na upana wa kilomita 600 hivi.

Nimeipata ramani ya jiolojia ya Mirihi nzima iliyotolewa na Idara ya Jiolojia ya Marekani mwaka 2014, yenye skeli ya 1:20,000,000. Ni kazi ya kupendeza mno, lakini kadiri ninavyousoma ufunguo wake ndivyo maswali yanavyoongezeka. Nilitarajia kukuta basalti hapa, mchangatabaka pale, kama ilivyo katika ramani za jiolojia za nchi yetu. Badala yake nakuta kundi la nyanda za juu la Noachian ya kati, kundi la volkano la Amazonian, kundi la nyanda za chini la Hesperian ya mwisho. Majina hayo yanataja mahali na umri (Noachian, Hesperian na Amazonian ni vipindi vitatu vya historia ya Mirihi, kuanzia cha kale zaidi), ilhali mwamba wenyewe mara nyingi hautajwi.

Ningependa kuelewa ni kwa nini ramani imejengwa hivyo, na huo umri unapatikanaje ikiwa hakuna jiwe lililochukuliwa na kuletwa maabara. Aidha, kwa mwenye uzoefu, naomba ushauri kama Olympus Mons panafaa kwa wanafunzi wanaoanza, na kama kazi hii inawezekana kwa kompyuta za kawaida za shule. Sitaki wapake rangi tu. Nataka kila mstari watakaouchora wawe na sababu ya kuueleza mbele ya wenzao.

Mjiolojia Mstaafu, Arusha

Mwalimu, hongera kwa kazi unayowafanyia vijana hao. Nilichora ramani za jiolojia kanda hii ya kaskazini hadi nilipostaafu, na swali lako la kwanza ndilo kiini cha fani yenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Ramani ya jiolojia, iwe ya Tanzania au ya Mirihi, kazi yake kubwa ni kusema nini kilitangulia na nini kilifuata. Jina la mwamba ukilipata ni heri, ukilikosa ramani bado inasimama. Anayefanya kazi kwa picha za chombo kinachoizunguka sayari hawezi kuvunja jiwe kwa nyundo, lakini anaweza kuona bila shaka kwamba mkondo huu wa lava umepita juu ya ule, kwamba mpasuko huu umekata lava ya chini na haukuigusa ya juu, kwamba kreta hii, yaani shimo lililochimbwa na kimondo, imetupa kifusi chake ndani ya bonde ambalo tayari lilikuwepo. Akikusanya mahusiano ya namna hiyo kwa mamia, anapata mfuatano wa matukio, na mfuatano huo ndio unaopakwa rangi. Kwa hiyo wale waliochora ramani ya 2014 waliandika kwenye ufunguo kile walichoweza kukitetea: kipindi, mahali, na sura ya ardhi.

Wala hapa kwetu hatukufanya tofauti kubwa. Ramani ya jiolojia ya Kilimanjaro ya skeli 1:125,000, iliyochapishwa Dodoma mwaka 1965 baada ya misafara ya Chuo Kikuu cha Sheffield ya mwaka 1953 na 1957, ilichorwa na watu waliopanda kwa miguu na kushuka na sampuli mabegani, na bado baadhi ya makundi ya lava za Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, yanaitwa kwa mahali yalipo: Kundi la Lent, Kundi la Ukingo wa Kaldera, Kundi la Kreta ya Ndani. Wanafunzi wako wakipata nafasi ya kuvuka uwanda wa Shira kuelekea Lava Tower, watakutana na jiwe la kijivu lililojaa fuwele za feldispa zenye umbo la rombasi, nyingine zikiwa na urefu wa sentimita kadhaa, zimejipanga upande mmoja kwa jinsi lava ilivyokuwa ikitiririka. Jiwe hilo ni la Kibo. Lakini hata mtu asiyelijua kabisa, ukimpa picha iliyopigwa kutoka juu, ataona kwamba lava za Kibo zimeshuka zikajaza upande wa mashariki wa kaldera (shimo kubwa la volkano iliyobomoka) ya Shira, volkano nyingine ya Kilimanjaro, na kwa hiyo Shira alitangulia. Huo ndio ushahidi tunaoutumia Mirihi, na una nguvu ileile.

Umri kwa miaka ni jambo jingine, nao hutokana na kuhesabu kreta. Vimondo huigonga kila sayari muda wote, hivyo uso uliokaa wazi kwa muda mrefu hukusanya kreta nyingi kuliko uso uliofunikwa na lava jana na juzi. Kwa Mwezi tuna bahati: safari za Apollo, kati ya 1969 na 1972, zilileta kilo 382 za mawe na udongo, na miamba ya maeneo hayo ilipopimwa umri, tukajua idadi fulani ya kreta kwa kila kilomita ya mraba inalingana na miaka mingapi. Kipimo hicho kimehamishiwa Mirihi kwa hesabu zinazozingatia kwamba Mirihi iko karibu zaidi na ukanda wa asteroidi, ina mvutano tofauti, na ina hewa, ingawa ni nyembamba. Mwisho wa kipindi cha Noachian unawekwa kwenye takriban miaka bilioni 3.7 iliyopita, na mpaka huo wa kale unaaminika kuliko ile ya baadaye, kwa kuwa katika maeneo ya umri wa kati jibu linaweza kuwa hata mara mbili au nusu ya umri wa kweli. Zuhura hali ni ngumu zaidi, kwa maana sayari nzima ina kreta zisizozidi elfu moja hivi, idadi ambayo haitoshi kutenganisha umri wa eneo dogo na jirani yake.

Waonye wanafunzi kuhusu kreta ndogo. Kimondo kikubwa kinapogonga hurusha mawe yanayokwenda kuchimba kreta nyingine mbali, na Zunil, kreta ya Mirihi yenye upana wa kilomita 10 tu, imezalisha vijikreta vya namna hiyo kwa mamilioni. Ukivihesabu kana kwamba kila kimoja ni kimondo kilichotoka angani, eneo changa litaonekana zee. Wahesabu zenye kipenyo cha kilomita 1 na kuendelea, na zile zilizojipanga mstari au kusongamana kwa makundi waziache.

Kuhusu Olympus Mons, ningewashauri wauache kwanza. Karibu kila kitu pale ni lava ya Amazonian juu ya lava ya Amazonian, vumbi limefunika sehemu kubwa, na kazi ya kutenganisha mikondo inachosha hata waliobobea. Pendekezo langu ni eneo la kreta ya Gusev, pamoja na volkano ya Apollinaris Mons iliyoko kaskazini yake. Gusev ina upana wa kilomita 160 na ushei, na kutoka kusini inaingiwa na Ma'adim Vallis, bonde lenye urefu wa zaidi ya kilomita 700 ambalo limebomoa ukingo wa kreta. Mfuatano unasomeka vizuri: nyanda za juu za kale, halafu kimondo kilichochimba Gusev, halafu bonde lililokata ukingo, halafu sakafu iliyofunika vilivyo chini yake. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuutetea kwa kidole juu ya picha.

Fundi wa Ramani, Njiro

Mwalimu, shikamoo. Mzee amekwisha kuweka msingi, nami naomba nijazie upande wa kompyuta, ambao ndio kazi yangu ya kila siku.

Inawezekana kabisa. Programu ya kuchorea ramani ya QGIS ni ya bure na inaendeshwa na kompyuta mpakato ya kawaida. Picha za msingi mnazohitaji pia hutolewa bure: picha za joto za mchana za kamera ya THEMIS, zenye mita 100 kwa pikseli, na data ya mwinuko ya MOLA, iliyopimwa kwa leza na yenye mita 463 kwa pikseli. Kuna pia picha za kamera ya CTX, karibu mita 5 au 6 kwa pikseli, ambazo zimeunganishwa kuwa picha moja ya karibu sayari nzima, lakini pakueni vile vipande vya eneo lenu peke yake, maana mkijaribu zaidi ya hapo kifurushi cha intaneti cha shule kitaisha kabla ya somo kuanza.

Jambo ambalo lazima lifanyike kabla ya mstari wa kwanza ni kuiambia programu kwamba mko Mirihi. QGIS ikiachiwa itadhani mko duniani, itatumia nusu kipenyo cha mita 6,378,137, wakati ile ya Mirihi kwenye ikweta ni mita 3,396,190. Picha zitaonekana sawa kabisa kwenye skrini, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kila umbali utakaopimwa kwa digrii utakuja karibu mara 1.9 ya ule wa kweli, na kila eneo zaidi ya mara 3.5. Kwa kuwa mnakusudia kuhesabu kreta kwa kilomita ya mraba, sayari yenu itapata ujana ambao haina.

Longitudo nazo ziangaliwe. Ramani za zama za Viking, vyombo vya Marekani vilivyopiga picha Mirihi miaka ya 1970, zilihesabu kuelekea magharibi, hivyo Gusev iko kwenye 184.6° magharibi katika karatasi za zamani na 175.4° mashariki katika data za leo, na zote ni mahali pamoja. Tena Gusev iko jirani na 180°, mahali ambapo picha nyingi za sayari nzima hukatwa, kwa hiyo kateni dirisha lenu lisiuguse mstari huo. Mimi ningechukua latitudo 6° hadi 18° kusini na longitudo 171° hadi 179° mashariki. Digrii moja ya latitudo ya Mirihi ni kilomita 59 na kitu, kwa hiyo kwa skeli ya 1:1,000,000 ramani itakuwa na kimo cha sentimita 71 na upana wa 46 hivi, nayo itaingia kwenye karatasi ya A1 na nafasi ya ufunguo ikabaki.

Wachore wakiwa wamekuza hadi 1:250,000, yaani mara nne ya skeli ya kuchapisha, na wasibadilishe ukuzaji huo katikati ya kazi, la sivyo upande mmoja utakuwa na mistari ya kina na mwingine ya juujuu, na msomaji atadhani ni miamba iliyobadilika. Kitu kisichofikia milimita 2 kwenye karatasi, ambazo ni kilomita 2 kule, kiwekewe alama ya nukta au kiachwe. Wachore mipaka yote kama mistari kwanza, kisha programu iwatengenezee maeneo kutokana na mistari hiyo. Wakianza kuchora maeneo moja kwa moja watabaki na mianya na mapishano ambayo hayatakwisha.

Mwalimu wa Jiografia, Moshi

Marahaba, kijana wangu, na asante sana. Mzee, nakushukuru kwa maelezo ambayo nimeyachapisha na kuyabandika ubaoni. Tumekubaliana kuichukua Gusev, na wanafunzi wameshaanza kuitazama.

Limezuka suala ambalo nimeona nililete hapa. Wawili kati yao wanachora mpaka wa mteremko wa kusini wa Apollinaris. Mmoja anauweka pale mwinuko wa MOLA unapolainika kuwa tambarare, na mwingine anauweka mbali zaidi, pale picha ya joto ya usiku inapobadilika kutoka nyeusi kuwa ng'avu. Kila mmoja ana sababu, na sijui nimwambie nani afute. Na binti mmoja ameuliza swali lililonyamazisha darasa zima: sakafu ya Gusev ni tambarare na bonde linaingia ndani yake, basi tutajuaje kama tunachora matope ya ziwa au lava?

Mwongoza Wageni, Usa River

Mwalimu, naomba nichangie kutokana na mahali ninapofanya kazi, kwa sababu swali la binti huyo tunalo hapa hapa, njiani kuelekea Momella.

Ukiwa upande wa mashariki wa Mlima Meru, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, utaona vilima vidogo vingi vimetawanyika uwandani, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde yaliyo kati yake. Wageni wengi huniuliza kama kila kilima ni volkano ndogo, na ukivitazama kutoka juu wazo hilo halina ubaya, kwani ni vya mviringo, viko chini ya mlima wenye asili ya moto, na kanda hii ina vilima vya volkano vya kweli. Lakini mahali ambapo barabara au korongo limekata kilima utaona ndani yake mawe ya kila ukubwa na ya rangi mbalimbali, yamechanganyika na kupondeka, bila matabaka ya majivu yaliyoteremka kwa utaratibu kuzunguka tundu. Ni vipande vya Meru wenyewe. Ubavu wa mashariki wa mlima uliporomoka zamani, ukaacha lile kreta lenye umbo la kiatu cha farasi lililofunguka kuelekea Momella, na kifusi kikasambaa hadi kwenye tambarare zinazoelekea Kilimanjaro.

Mtu wa setilaiti bado ana njia ya kufikia jibu hilo bila kushuka chini. Atatazama vilima vimeanzia wapi, ataona vimetandazwa mbele ya pengo la mlima, ataona vingi havina tundu kileleni, na atasema kuwa maporomoko ndiyo maelezo yanayokubaliana na vyote kwa pamoja. Olympus Mons nao umezungukwa na maeneo makubwa ya ardhi iliyokunjamana, nje ya genge ambalo mahali pengine lina kimo cha kilomita kadhaa, na wataalamu wengi wanayasoma kama maporomoko kutoka kwenye mbavu za mlima. Kwenye ramani yamepewa kundi lake. Walete vijana Momella siku moja, Mwalimu. Wakishakiona kilima kwa juu katika picha na kwa ndani katika korongo siku hiyohiyo, wataelewa kwa nini sura ya ardhi peke yake haitoshi.

Mjiolojia Mstaafu, Arusha

Ndugu yangu wa Usa River amenirahisishia kazi. Namjibu binti kwanza, kwa sababu swali lake limewahi kuulizwa na wataalamu na likajibiwa kwa magurudumu.

Gusev ilichaguliwa kuwa kituo cha kutua cha gari la Spirit kwa hoja hiyohiyo ya kwenu: bonde kubwa limeingia ndani ya kreta, basi ndani yake huenda palikuwa na ziwa, na sakafu huenda ina mashapo yake. Spirit ilitua Januari 2004, na mawe iliyoyakuta tambarareni yalikuwa basalti yenye olivini, lava isiyo na dalili ya kukaa majini kwa muda mrefu. Miezi ilipopita gari likapanda Columbia Hills, vilima vya kale vinavyochomoza juu ya lava hiyo, na huko likakuta miamba iliyobadilishwa na maji, na baadaye, mwaka 2007, udongo wenye silika nyingi mno. Kwa hiyo maji yalikuwepo, na kama kuna mashapo ya ziwa, lava imeyafunika. Mfuatano uliosomwa kutoka angani haukuvunjika hata kidogo, sakafu ilikuwa changa kuliko bonde na vilima vilikuwa vizee kuliko sakafu. Kilichobadilika ni jina la mwamba. Hapo Mwalimu unaliona jibu la swali lako la kwanza likiwa limetokea kweli.

Basi katika ufunguo wenu kila kundi liwe na maelezo mawili yaliyotenganishwa. Katika la kwanza waandike wanachokiona tu: tambarare, laini katika picha ya mita 100, ina kreta chache, inazunguka vilima bila kuvifunika. Katika la pili waandike tafsiri: lava iliyojaza sakafu, kama Spirit ilivyothibitisha katika sehemu ilizopitia. Tafsiri ikibadilika kesho, maelezo ya kwanza yatabaki yalivyo na ramani haitachorwa upya.

Kuhusu wale wawili wa Apollinaris, asifute mtu. Wamechora vitu viwili tofauti. Picha ya joto ya usiku huonyesha jinsi uso unavyohifadhi joto: mawe na mwamba ulio wazi hukaa na joto la mchana na kuonekana ng'avu, wakati vumbi na mchanga laini hupoa upesi na kuwa vyeusi, kama mnavyojua ninyi mnaotembea pekupeku barabarani baada ya jua kutua. Kinachopimwa ni sentimita chache za juu. Mstari wa yule wa pili unaweza kuwa ukingo wa vumbi lililopeperushwa juu ya kundi lilelile, na vumbi jembamba huonyeshwa kwa nukta juu ya rangi ya kundi lililo chini yake. Mstari wa yule wa kwanza unafuata umbo la mlima, lakini mteremko nao huweza kulainika polepole ndani ya kundi moja. Wachukue picha za CTX, wafuate mistari yote miwili kutoka mwanzo hadi mwisho, na watafute mahali ambapo mkondo mmoja unaonekana kuishia juu ya uso mwingine, au kreta iliyofunikwa nusu. Palipo na ushahidi huo wachore mstari usiokatika. Pasipo nao wachore wa vipande, na katika jedwali la data waandike picha waliyotumia na jambo linalowatia shaka, ili atakayekuja na picha bora aanzie hapo.

Ramani ya 2014 yenyewe ilifika hapo kwa njia hiyo. Ile ya 1978, ya skeli 1:25,000,000, ilitokana na picha za chombo cha Mariner 9, zile za mwaka 1986 na 1987, za 1:15,000,000, zikatokana na Viking, na data za MOLA na THEMIS zilipopatikana, eneo lililotambuliwa kuwa la Noachian ya mwanzo likawa mara tatu ya lililokuwa limechorwa awali, hasa kwa kuwa sura za kale zilizofifia zilionekana wazi katika data ya mwinuko. Vijana wako waiwashe MOLA muda wote wanapochora nyanda za juu za kusini mwa Gusev, wakipaka mwinuko rangi na kuweka kivuli cha jua la pembeni, kwa sababu kule kuna kreta kubwa zilizosagika ambazo kwenye picha ya kawaida hazionekani kabisa.